Waya mmoja chini ya bahari, betri moja chini ya kaunta

Mei 2008 Unguja iliingia gizani, na giza hilo likakaa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 likarudi, na safari hii halikuondoka hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Kisiwa kizima kilikuwa kinategemea waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Fumba. Hitilafu ilipotokea pampu za maji zilisimama, friza za samaki zikayeyuka, na hoteli zikawa zinaungurumisha jenereta usiku na mchana. Waya mpya wa megawati 100 ulipatikana 2013.

Wengi husimulia kisa hiki kama habari ya umaskini. Mimi nakisoma kama hesabu ya hatari iliyokosewa: njia ilikuwa moja, umri wake ulijulikana, na ya pili haikuwepo. Leo paneli za sola zimeshuka bei hata mwenye duka la mtaani anaweza kuzinunua, naye akishazifunga juu ya bati anajiona ameshalikwepa giza. Hajalikwepa. Hatari ya umeme haiondoki, inahama. Imetoka baharini ikaja kukaa chini ya kaunta yake, ndani ya betri, kwenye nati ambazo hazikukazwa, na kwenye kopo la akiba ambalo halina kitu.

Kabla ya kufika dukani, tazama ramani ya mito kidogo. Bwawa la Mtera huhifadhi maji ya Ruaha Mkuu, huzalisha umeme na kuyapeleka kituo cha Kidatu. Maji ya kituo cha Kihansi huingia Kilombero. Ruaha Mkuu na Kilombero yote humwaga Rufiji, na kwenye Rufiji ndipo lilipojengwa Bwawa la Julius Nyerere, mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, ya kwanza ikiwashwa mwanzoni mwa 2024. Ukihesabu vituo unapata vinne. Ukihesabu mvua unapata bonde moja. Oktoba 2015 ukame ulipobana, vituo vya maji vya Tanzania vilizimwa, na kilichosaidia nchi isilale kabisa ni gesi ya kusini. Kenya nako, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere vyote vinakunywa Mto Tana. Bahati ya Wakenya ni mvuke wa chini ya ardhi wa Olkaria, ulioanza kutoa umeme 1981 na ambao haujui masika wala kiangazi. Upepo wa Turkana ukafuata, mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, lakini ikasimama ikisubiri laini ya kwenda Suswa hadi 2018. Chanzo kilikuwepo, waya haukuwepo. Somo lile la Fumba, limepinduliwa tu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayepanga umeme wake, awe waziri au muuza samaki, si "nina vyanzo vingapi?" Ni "vyanzo vyangu vinaweza kufa kwa sababu moja?" Sola na umeme wa gridi vinavyopita kwenye inveta moja (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi), inveta ikiungua vyote viwili vimekwenda. Ndiyo maana kila inveta inapaswa kufungiwa swichi ya kuiruka, ili umeme wa gridi ufike kwenye soketi bila kuipitia. Ni kifaa cha bei ndogo, na mafundi wengi hawakifungi kwa sababu mteja hajakiuliza.

Sasa tushuke dukani. Chukua duka la samaki na juisi sehemu yoyote ya Pwani. Lina friza ya lita 300 inayokula kama uniti 1.4 kwa siku (wati-saa 1,400), taa nane za LED za wati 9 kwa saa tano (wati-saa 360), feni mbili za wati 55 kwa saa nane (880), ruta ya wati 10 isiyozimwa (240), na televisheni ya wati 80 kwa saa tano (400). Jumla ni wati-saa 3,280. Hapa ndipo fundi wa haraka anapofunga daftari.

Kuna wageni wawili ambao hajawahesabu. Wa kwanza ni inveta yenyewe. Inveta ya kilowati 3 hula kama wati 40 hata isipowasha chochote. Zidisha kwa saa 24, ni wati-saa 960, karibu uniti nzima kila siku. Ni mzigo mkubwa kuliko zile feni mbili, na haumo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Wa pili ni samaki mwenyewe. Lebo ya friza inapimwa ikiwa na vitu vilivyokwisha kuganda na mfuniko umefungwa. Muuza samaki anafika saa kumi jioni na kilo 20 za samaki wenye joto la nyuzi 28, anawamwaga ndani. Kuwashusha hadi nyuzi 18 chini ya sifuri kunahitaji kuondoa karibu kilojuli 400 kwa kila kilo, na sehemu kubwa ya hiyo inaliwa na maji ya mwilini mwao yanapogeuka barafu. Kwa ufanisi wa kawaida wa kompresa ndogo, hiyo ni kama uniti moja na nusu ya ziada. Yaani siku hiyo friza imekula mara mbili. Na imeula umeme huo usiku, kutoka kwenye betri. Betri inazima saa tisa alfajiri, mteja anampigia fundi, fundi anasema betri ni feki. Betri ilikuwa nzima.

Dawa yake ni ya bure nusu. Samaki waingizwe saa nne asubuhi, wakati jua linalipa. Kama mzigo hufika jioni tu, walazwe kwanza kwenye barafu hadi asubuhi. Halafu jaza nafasi zilizobaki ndani ya friza kwa chupa za maji ya chumvi, gramu 100 za chumvi kwa lita moja. Maji hayo huganda kwenye kama nyuzi 6 chini ya sifuri badala ya sifuri, kwa hiyo umeme ukikatika yanashika baridi kali zaidi kuliko barafu ya kawaida. Yagandishe mchana. Usiku friza iliyojaa na isiyofunguliwafunguliwa inaweza kuzimwa kwa saa kadhaa na samaki wasilainike. Baridi iliyohifadhiwa kwenye chupa ni betri isiyochakaa.

Wazo hilo si geni. Friji za chanjo kwenye zahanati zisizo na gridi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa miaka mingi zilifungwa sola na betri, na ugonjwa wao ukawa uleule: paneli zinadumu, betri zinakufa baada ya miaka michache, bajeti ya kununua nyingine haipo, chanjo zinaharibika chini ya paneli zinazong'aa. Ndipo zikaja friji zinazoendeshwa na paneli moja kwa moja, zikigandisha barafu au kitu kama barafu mchana ili baridi hiyo ivuke usiku. Sehemu iliyokuwa inakufa haikuimarishwa, iliondolewa. Katika kupunguza hatari sijaona njia nzuri kuliko hiyo, na haiwezekani kila mahali.

Turudi kwenye hesabu. Wati-saa 3,280 jumlisha 960 za inveta na 1,500 za samaki, tunapata 5,740. Gawa kwa 0.8, kwa ajili ya kinachopotea kwenye waya, vumbi, joto na inveta: karibu 7,200. Wakati wa masika jua la Pwani hesabu saa nne za jua kali kwa siku, usihesabu sita za Januari. Anayepanga kwa Januari atalala giza Aprili. 7,200 gawa kwa 4 ni wati 1,800. Paneli nne za wati 550 zinatosha, na kinachozidi ni mlo wa siku za mawingu.

Kwa nini nne na si tatu, ambazo zinakaribia? Kwa sababu ya volti. Paneli ya wati 550 ikiwa haijaunganishwa na mzigo hutoa kama volti 50, na inveta nyingi za betri ya volti 48 hukubali mwisho volti 145 au 150 kutoka juu ya paa. Ukizipanga tatu mfululizo unagonga 150 kwenye karatasi, na volti ya paneli hupanda hewa inapopoa, karibu asilimia 0.28 kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Alfajiri ya nyuzi 10 pale Njombe au Limuru, tatu zinatoa 156. Hata Pwani, asubuhi baada ya mvua, unavuka mstari. Inveta haifi kwa kishindo. Jua linachomoza, kitu kidogo ndani kinatoboka, na mteja anaamini ni radi. Ukiamua kuziunganisha sambamba zote tatu, volti 42 za kazi haziwezi kuchaji betri hiyo iitwayo ya volti 48, ambayo kwa kweli hukaa kwenye 51. Nne ndizo zinazokaa vizuri: mbili mfululizo, kisha jozi mbili sambamba. Volti 104 kwenye baridi, ampea kama 26, nafasi ya kupumua ipo. Soma tu kama mlango wa inveta yako unakubali ampea hizo.

Kuhusu paneli za uongo, futi kamba inatosha. Jua kali la mchana hushusha kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi hugeuza asilimia 21 hadi 22 ya hizo kuwa umeme. Paneli ya kweli ya wati 550 ina urefu wa kama mita 2.28 na upana wa mita 1.13, eneo la mita za mraba 2.6. Ukiletewa ya mita moja na nusu kwa moja ikiwa na kibandiko cha "550W", muuzaji anadai ametengeneza asilimia 37, na huyo anastahili tuzo, si pesa zako. Fundi atakayetaka kupima ampea za shoti atumie mita ya kubana inayosoma umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa paneli na betri. Paneli hiyo inatoa kama ampea 14, na mita ndogo za kawaida zina fyuzi ya ampea 10.

Betri ndiyo inayokula nafasi ya mawazo yangu, kwa sababu ndiyo inayokula pesa. Usiku wa duka letu, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja asubuhi, unahitaji karibu wati-saa 3,050, samaki wakiwa wameingia asubuhi kama tulivyokubaliana. Betri ya lithiamu aina ya LFP ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina wati-saa 5,120. Tumia asilimia 80 tu, toa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na kama 3,770. Inavuka usiku na inabakiza kidogo kwa asubuhi ya mawingu. Kwa betri za risasi na asidi ungehitaji nne za volti 12 na ampea-saa 150, kwa sababu zikishushwa chini ya nusu kila siku hazifiki mbali.

Na joto. Kanuni ya zamani ya betri za asidi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata maisha yake nusu. Stoo ya mabati ya Tanga au Mombasa inafika nyuzi 35 bila jitihada. Betri iliyoandikwa miaka minne inakupa miwili, wala hujadanganywa na mtu. Iweke sehemu ya chini yenye kivuli, inayopitisha hewa, mbali na jiko na mbali na inveta inayotema joto. Zile za kujazwa maji, kila mwezi fungua vifuniko uangalie kama bamba zimefunikwa, na uongeze maji ya betri ya chupa yasiyo na chumvi. Usiongeze asidi. Kinachopungua kwa joto na chaji ni maji. Asidi imebaki humohumo, ukiongeza nyingine unazila bamba. Betri iliyopumzika saa chache bila mzigo ikisoma volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Chini ya hapo kila siku, ujue unazika.

LFP haihitaji maji, lakini inahitaji fundi anayesoma. Inveta nyingi hutoka kiwandani zimepangiwa betri za asidi. Zikiachwa hivyo zinaweza kuipandisha betri kwenye volti 58 na zaidi kila baada ya muda "kuisawazisha", na kinga ya ndani ya betri inakata ghafla. Mteja anaona umeme unazima mchana wa jua kali, betri ikiwa imejaa, na kila mtu anachanganyikiwa. Kwa betri ya seli 16, weka chaji iishie kati ya volti 56 na 56.8, zima kabisa ule usawazishaji, na ikate mzigo inapobaki asilimia 20. Ni dakika tano za kubonyeza vitufe.

Kati ya betri na inveta kuna waya mfupi ambao watu huuonea. Kilowati 3 kwa volti 48 ni zaidi ya ampea 60, na ukiongeza upotevu ni kama 70. Tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 25, usiozidi mita mbili, na fyuzi ya ampea 100 au 125 karibu kabisa na betri. Anayetaka nguvu hizo kwa volti 12 anatafuta ampea 280. Hapo hununui waya, unanunua nondo. Lagi, yaani vichwa vya ncha za waya, zibanwe kwa koleo lake maalumu, zisigongwe kwa nyundo. Nati iliyolegea huleta ukinzani, ukinzani huleta joto, joto huilegeza zaidi nati. Wiki mbili baada ya kufunga, washa mzigo mkubwa nusu saa, zima, kisha gusa kila kiungio kwa mgongo wa kidole juu ya plastiki. Kinachochoma ndicho kitakachounguza duka. Na breka za upande wa paneli ziwe zimeandikwa DC. Umeme wa nyumbani hupita sifuri mara mia moja kwa sekunde, ndiyo maana cheche inakatika breka inapofunguka. Umeme wa paneli haupiti sifuri, na breka ya kawaida inaweza kuendelea kuwaka ndani huku kitasa kikionyesha kimezimwa.

Jenereta bado ina kazi yake, kwa wiki ile ya Aprili. Iendeshe kila mwezi dakika ishirini ikiwa na mzigo. Ya dizeli inayoungurumishwa kwa ajili ya taa tatu hujaa masizi na mafuta yasiyoungua, kwa hiyo ipe nusu ya uwezo wake hadi robo tatu: chaji betri nayo, washa friza nayo. Bei ya mafuta huwezi kuipanga. Tanzania EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, Kenya EPRA kila tarehe 14, nawe unapokea. Ila swichi ya kubadilishia kati ya gridi na jenereta usiifanyie mzaha. Jenereta ikirudisha volti 230 kwenye nguzo, transfoma inazipandisha hadi 11,000 au 33,000, na aliyeko juu ya nguzo alishaambiwa laini imezimwa.

Kuhusu pesa, hesabu ni fupi na hakuna anayeifanya. Gawa bei ya betri kwa miezi unayotarajia idumu. Tuseme LFP ni shilingi 2,400,000 na unaipa miaka minane: ni 25,000 kwa mwezi. Tuseme zile nne za asidi ni 1,600,000 na kwa joto la stoo yako unazipa miaka miwili: ni karibu 67,000 kwa mwezi. Weka bei za dukani kwako, uwiano hautageuka sana. Kiasi hicho kitolewe kila mwezi kama unavyonunua tokeni za LUKU, kiende kwenye simu au kibubu ambacho hakiguswi kwa ada wala harusi. Anayesema umeme wa jua ni wa bure hajawahi kununua betri ya pili.

Na ile ya kwanza ikifa inakwenda wapi? Betri ya asidi ina risasi yenye bei, kwa hiyo haikai. Mnunuzi wa vyuma chakavu anaijia mlangoni. Ndipo pa kuuliza anaipeleka wapi. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikaa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, alipigania jambo hilo miaka mingi. Kiwanda kikafungwa 2014, na Julai 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ambayo nayo ikaburutwa kwenye rufaa. Usikubali betri imwagwe asidi kwenye mtaro wako ili ipungue uzito wa kubeba. Iondoke nzima, vifuniko vimefungwa, imesimama wima.

Ya lithiamu ina shida ya kinyume: hakuna anayeijia, kwa kuwa LFP haina madini ya bei ya kumvuta mtu wa chakavu. Lakini mara nyingi pakiti iliyokufa ina seli moja mbovu kati ya kumi na sita, na fundi mwenye mita anaweza kuipata kwa kupima kila seli: nzima zitasoma volti 3.2 au 3.3, mbovu itasoma 2 au chini. Kwa hiyo siku ya kununua, chagua betri yenye boksi la kufunguliwa kwa bisibisi badala ya lililochomelewa, na muuzaji aandike kwenye risiti kwamba ataipokea ikifa. Akikataa kuandika, nenda duka la pili.